Uzi wa tiara
Likizo hii nipo nyumbani Ndalambo. Vijana wanataka mashindano ya kurusha tiara, ila hela hakuna. Nikaunda tiara moja kali, tuichezeshee bahati nasibu. Mzee mmoja akaguna, "Mwanangu, tiara si mchezo wa watoto?"

Nikamsimulia. Mwaka 1848 pale Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, kijana Homan Walsh alishinda zawadi kwa kuvusha uzi wa tiara ng'ambo ya korongo. Kwanza uzi ulikatika, akarudia. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya, na mwaka huohuo watu wakavuka kwa daraja.

Mzee kachukua tiketi mbili! Tiketi nayo ni uzi tu, wadau.