Matuta Yaliyosalia: Ukoo, Soko na Udongo katika Historia ya Mgeta

Mwezi Julai 1955 wakulima wa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, waliasi amri ya kuchimba matuta ya ngazi. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na muda mfupi baadaye serikali ya kikoloni ikauacha mpango wake mkubwa wa kuokoa udongo wa milima hiyo. Upande wa pili wa safu hiyohiyo, katika bonde la Mgeta, matuta ya ngazi yanalimwa hadi leo. Yamepandwa kabichi, karoti na njegere, na wanaoyakarabati kila msimu hawasukumwi na bwana shamba wala hawatishwi kwa faini. Mlima ni mmoja, kabila ni moja, na amri ilikuwa moja. Tofauti hiyo inadai maelezo, na maelezo yaliyozoeleka hayatoshi. Yako ya aina mbili: moja humlaumu mkulima kwa ukaidi na kutojua, nyingine huona kila kilichotokea kuwa ni siasa ya kudai uhuru. Hoja ya makala hii ni kwamba hatima ya udongo wa Uluguru imeamuliwa zaidi na mambo mawili: ardhi ni ya nani, na zao linalotoka humo linamlipa nani. Mgeta ndipo mahali pazuri zaidi pa kulithibitisha hilo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Njia ya kwenda Mgeta huiacha barabara kuu ya Morogoro–Iringa pale Sangasanga, ikapita Mlali, kisha ikaanza kupanda. Tarafa ya Mgeta imo katika Wilaya ya Mvomero, na kata zake, zikiwemo Langali, Nyandira, Tchenzema, Bunduki na Kikeo, zimeshikamana na miteremko iliyo juu ya mita 1,000 hivi na kuendelea hadi kupakana na msitu. Juu yake uko uwanda wa Lukwangule, na kilele cha Kimhandu kinachozidi mita 2,600. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga upande wa mashariki kwanza na kumwaga mvua inayoweza kupita milimita 2,500 kwa mwaka. Mgeta iko kisogoni mwa mlima, hivyo hupata mvua pungufu sana. Inachopata badala yake ni baridi, kiangazi cha kweli, na vijito visivyokauka kwa sababu msitu wa Lukwangule hunyonya ukungu na kuachia maji taratibu mwaka mzima. Watu wa Mgeta walivichepusha vijito hivyo kwa mifereji inayofuata kontua za mteremko, na siku hizi kwa mipira inayoshusha maji kwa nguvu ya mwinuko bila pampu. Mahali penye baridi, jua na maji ya mfereji kwa wakati mmoja, mboga hustawi miezi ambayo mabondeni hakuna kitu. Sifa hii ya kijiografia ndiyo iliyoitofautisha Mgeta na Matombo zamani kabla ya afisa yeyote wa kilimo kufika.

Mto unaobeba jina la tarafa nao una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Hushuka magharibi, ukazunguka ncha ya kusini ya safu, ukapita tambarare za Kisaki na kuingia Ruvu. Richard Burton na John Speke walipita sehemu zake za chini mwaka 1857, wakati Zungomero ilipokuwa kituo kikubwa cha misafara. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, baada ya majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts kuiteka Morogoro mwezi Agosti, Wajerumani walirudi nyuma kuizunguka milima, na pande mbili zikatazamana kando ya Mto Mgeta hadi Januari 1917. Chakula cha wapiganaji na mabega ya wapagazi vilitoka kwa wanavijiji wa eneo hilo. Naitaja vita hiyo kwa kupita, ingawa inastahili utafiti wake peke yake, kwa kuwa vitabu vya kijeshi huutaja mto bila kuwataja wenyeji.

Waluguru, wenyeji wa milima hii, ni watu wa upande wa mama. Mtoto huwa wa ukoo wa mama yake, na ardhi hushikwa na ukoo, au kwa usahihi zaidi na tawi la ukoo lililo chini ya mkubwa wake. Roland Young na Henry Fosbrooke, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, waliyaeleza mambo haya kwa kina. Mtu asiye wa ukoo angeweza kupewa sehemu ya kulima, akatoa ngoto, yaani kitu kidogo cha kukiri kwamba ardhi si yake. Thamani ya ngoto haikuwa kubwa. Uzito wake ulikuwa katika ushahidi: kila msimu ilitoa jibu la swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Ndiyo maana aliyelima kwa ngoto hakutakiwa kupanda miti ya kudumu. Mti hukaa miaka mingi, na anayekaa miaka mingi juu ya ardhi huanza kuwa na madai juu yake.

Ukilitazama tuta la ngazi kwa jicho hilo, unaelewa kwa nini lilizua hofu. Tuta ni kazi ya kudumu kuliko hata mti. Mgeni akichimba tuta kwenye ardhi ya ukoo mwingine, ameacha alama isiyofutika, na mwenyeji ana sababu ya kuhofia kwamba kesho ataambiwa shamba hili ni la aliyelitolea jasho. Akiamriwa kuchimba yule mwenyeji, anafanya kazi nzito kwenye shamba ambalo huenda mwakani litalimwa na mtu mwingine kwa ngoto. Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, uliotekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulihesabu urefu wa matuta yaliyochimbwa na haukuhesabu jambo hilo. Zaidi ya hayo, amri zilipitishwa mikononi mwa utawala wa wenyeji uliotengenezwa na wakoloni wenyewe. Waluguru hawakuwa na mtawala mmoja. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa mbali kwa uwezo wake wa kuleta mvua, lakini heshima haikuwa utawala juu ya mashamba ya koo nyingine. Serikali ilipotaka sultani mmoja wa kupitishia amri, ilimpa sultani huyo mamlaka juu ya ardhi ambayo kimila hayakuwa yake.

Msomaji makini atauliza kama hapa sipuuzi hoja ya kitaalamu iliyo wazi. Paul Temple, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1972 kwamba matuta ya ngazi hayakuufaa udongo wa sehemu kubwa ya Uluguru. Tabaka lenye rutuba ni jembamba, na ukichimba mteremko mkali unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule usiozaa. Mkulima aliyeona mahindi yake yakinyauka juu ya tuta jipya hakuhitaji mwanasiasa wa kumwambia kwamba mpango haufai. Hoja hiyo ni ya kweli, na ni aibu kwa idara ya kilimo ya wakati ule kwamba wakulima waliiona kabla ya wataalamu. Hata hivyo haimalizi suala, kwa sababu udongo wa Mgeta nao ukichimbwa unatoa tabaka lilelile hafifu. Kilichobadilika Mgeta ni kwamba mkulima alikuwa na sababu na uwezo wa kuujenga upya: alikuwa na maji ya mfereji, samadi ya mifugo ya nyumbani, na zao ambalo lingelipa gharama ya vyote viwili.

Zao hilo halikuanza na mpango wa miaka ya 1950. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Mgeta katika enzi ya Wajerumani, walileta mbegu za mboga na miche ya matunda ya nchi za baridi. Wakulima wakazichukua, wakachagua zilizokubali, na kadiri miji ilivyokua wakapata wanunuzi wasiokuwa na shamba lingine la karibu lenye hali ya hewa ya namna hiyo. Kwa hiyo amri ya matuta ilipofika, Mgeta tayari ilikuwa na mboga za kuyalipia. Mahali ambapo kipande kidogo cha bapa chenye maji kinatoa kabichi za kuuza, kuchimba tuta ni kuongeza thamani ya shamba. Mahali ambapo kinatoa mahindi ya kula tu, na pengine mavuno pungufu, ni mzigo mtupu. Hapo ndipo ukoo na soko vinapokutana. Familia inayopata fedha kwenye tuta lake haina haraka ya kulitoa kwa ngoto, na taratibu ardhi ya ukoo ya namna hiyo huanza kushikwa na nyumba moja kizazi hadi kizazi. Jean-Luc Paul, aliyeandika kwa Kifaransa historia ya makazi ya Waluguru wa milimani, anasaidia sana kuelewa jinsi wingi wa watu na kanuni za ukoo zilivyoendelea kusukumana.

Simaanishi kwamba soko liliuponya mlima. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta na kusababisha maporomoko zaidi ya 1,000. Temple na Anders Rapp wa Uppsala waliyachunguza. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi, na machache mno ndani ya msitu, kwa sababu mizizi ya miti hushika udongo kwa kina ambacho mizizi ya karoti haiwezi kukifikia. Mfereji hupeleka maji pale mkulima anapoyataka, na tuta huzuia udongo wa juu usichukuliwe na mvua ya kawaida. Dhidi ya mteremko mzima uliojaa maji, vyote viwili havina msaada, na maji yanayozama kwenye tuta yanaweza hata kuongeza uzito unaousukuma mteremko chini. Pale Bunduki, kwenye shingo inayotenganisha Uluguru Kaskazini na Kusini, msitu uliounganisha pande mbili ulikatwa katika nusu ya pili ya karne iliyopita, na ndege na mimea isiyopatikana kwingineko duniani ikabaki katika vipande viwili. Mtu anayeipenda Mgeta hana budi kuyasema haya waziwazi.

Ninachopinga ni tiba inayotokana nayo mara kwa mara, ile ya kumtazama mkulima kama tatizo la kuondolewa au kuamriwa. Mifano ya kinyume ipo. Mwaka 1988 mbuzi wa maziwa wa uzao wa Norway waliletwa Mgeta kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mbuzi wa namna hiyo hufungwa bandani na kukatiwa majani, na samadi yake hurudi shambani. Walienea nyumba kwa nyumba kwa sababu walileta maziwa na mbolea pasipo kudai ardhi zaidi. Baadaye, upande wa mashariki katika bonde la Kibungo, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao watumiaji wa maji ya Ruvu, wakiwemo DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati ule, na Coca-Cola, walichangia kuwalipa wakulima waliochimba makinga maji na kupanda miti. Kazi ambayo babu zao walipigwa risasi kwa kuikataa, wajukuu waliifanya. Jembe halikubadilika, wala mteremko. Waliulizwa, wakalipwa, na mashamba yakabaki yao.

Dar es Salaam imekunywa maji ya Ruvu tangu mtambo wa Ruvu Juu ulipoanza mwaka 1959, na sehemu ya maji hayo huanzia Lukwangule na kupita Mgeta. Jiji hilohilo hula mboga za Mgeta, na bei yake hupangwa na dalali aliyekaa mbali na shamba. Mkulima anayeuza viazi kwa lumbesa, gunia lililoshonewa nyongeza juu ya mdomo wake, hutoa kilo nyingi za ziada bila malipo, ingawa vipimo vya namna hiyo vimepigwa marufuku. Fedha anayopunjwa kwenye lumbesa ndiyo ambayo angeitumia kununua samadi na kukarabati tuta. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa bonde la Ruvu unapaswa kuwahusu watu wa vipimo na masoko sawasawa na unavyowahusu watu wa misitu. Ndivyo ninavyoamini, na sijaona mpango wa hifadhi uliolichukulia hilo kwa uzito unaostahili.

Liko pia suala la wanawake, ambalo katika nchi yetu hujadiliwa kana kwamba kila jamii inarithi kwa baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na katika sehemu nyingi hilo ni kumwongezea alichonyimwa. Mgeta mwanamke tayari analima ardhi ya ukoo wake, na mara nyingi mume ndiye anayelima kwa wakwe. Upimaji ukifika kijijini, fomu ikamtaka mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya akaandikwa kuwa mume, hatimiliki ya kimila inaweza kuuhamisha mteremko kutoka ukoo wa mke kwenda mikononi mwa mtu ambaye kimila alikuwa mgeni juu yake. Akifa, au ndoa ikivunjika, mgogoro utakuwa kati ya watoto wake na wajomba zao. Kabla mkataba wowote wa kutunza chanzo cha maji haujasainiwa Nyandira au Tchenzema, kabla tuta moja halijalipiwa, afisa ardhi wa wilaya anatakiwa kukaa na wakubwa wa koo na wanawake wenyewe, wakataja mpaka kwa mpaka shamba ni la nani, na jina hilo ndilo likaandikwa.