Bakteria wanaozalisha umeme katika maji machafu

Sehemu ya maji machafu ya Bujumbura huishia Buterere, kaskazini mwa jiji, katika mabwawa yaliyojengwa ili maji hayo yasafike kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Katika tope la mabwawa ya aina hiyo, pasipofika hewa, huweza kuishi bakteria wenye uwezo wa kuzalisha umeme.

Kila kiumbe kinachovunjavunja chakula hubaki na elektroni za kutoa. Binadamu huzikabidhi kwa oksijeni anayoivuta. Bakteria wa topeni, kwa kukosa oksijeni, baadhi yao huzitoa nje ya miili yao na kuzipeleka kwenye kutu ya chuma. Mmoja wao, Geobacter, alipatikana mwaka 1987 katika tope la mto Potomac, Marekani. Ukiwawekea kipande cha kaboni mahali pa kutu, hukipokeza elektroni hizo. Waya huzipeleka kwenye kipande cha pili kilicho karibu na hewa, na mwendo huo ndio umeme wenyewe. Mtaalamu wa mimea M. C. Potter aliuonyesha nchini Uingereza tangu mwaka 1911.

Mfano ulio karibu na Burundi ni wa Kisoro, Uganda, ambako watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Bristol walitumia mkojo wa wanafunzi kuwasha taa za vyoo vya shule ya wasichana. Hata hivyo, seli moja hutoa takriban nusu volti tu, na nguvu yake ni ndogo mno. Anayetarajia mabwawa yamalize mgao wa umeme atangoja sana.

Faida iliyo kubwa zaidi kwa jiji linalokunywa maji ya ziwa hilo hilo ni upimaji. Kipimo cha kawaida cha uchafu unaooza huchukua siku 5 maabara. Bakteria hawa hujibu upesi zaidi: chakula kikizidi majini, mkondo wa umeme hupanda, hadi kufikia kikomo cha uwezo wao. Ukishuka ghafla, huenda sumu ya kiwandani imewadhuru, au chakula kimepungua tu. Hivyo mtu wa kwenda kuchota maji na kuyachunguza bado anahitajika.