Mipira ya Upepo ya Kabureta, na Habari za Motakaa Kusini

Leo tusome pamoja habari za kitu kidogo katika motakaa, yaani mipira myembamba inayotoka kwenye kabureta. Msiseme, "Hayo ni ya mafundi, sisi yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo.

Mwezi wa Septemba, mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yaliteremka Kilwa na Lindi kupigana na Wajerumani. Farasi na ng'ombe wao wakafa kwa mbung'o. Zikaletwa motakaa, nyingine za Ford, lakini mvua iliponyesha zilikwama matopeni. Basi mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, kwa njaa, kwa kuhara na kwa homa. Gari liliposhindwa kwenda, aliyelipa alikuwa mchukuzi.

Ford zile hazikuwa na mpira wa upepo hata mmoja. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililokuwa chini ya kiti cha mbele. Mlima ukiwa mkali na tangi likikaribia kuwa tupu, kabureta ilikuwa juu kuliko petroli, na injini ilizimika. Basi madereva waligeuza gari, wakapanda mlima kinyumenyume! Usicheke, hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

Baadaye wahandisi wakafikiri. Pistoni ishukapo katika silinda hunyonya hewa, kama wewe unyonyavyo dafu kwa mrija. Mbona nguvu hiyo ipotee bure? Wakafunga mpira karibu na kabureta. Katika miaka ya 1920 mvuto huo ulipandisha petroli kutoka tangi la nyuma. Kisha ukaendesha vipangusio vya kioo cha mbele. Lakini dereva akikanyaga sana mafuta, mvuto hupungua. Kwa hiyo mvua kubwa ilipomkuta mlimani, vipangusio vilisimama pale pale alipovihitaji.

Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Yakaja matrekta na malori, mengi yakiwa yametumika vitani. Mwaka 1951 mpango uliachwa, kwa maana karanga hazikupatikana kama ilivyotumainiwa. Hata reli yake haikudumu. Lakini ufundi hauozi kama karanga. Aliyejifunza kufungua injini alibaki nao mikononi.

Gari la petroli la miaka ya 1950 na 1960, kama Land Rover, lina mpira mwembamba uendao kutoka kabureta mpaka distributa, chombo kinachogawa moto kwa plagi. Gari likienda polepole bila mzigo mzito, mvuto huiwahisha cheche kidogo, na petroli huungua vizuri. Mpira ukipasuka gari halizimiki; hilo ndilo baya lake. Linaendelea kwenda huku likila petroli zaidi, na mwenye gari anamshuku tanboi kwamba ameiba mafuta!

Ujaribu hivi. Zima injini. Chomoa mpira upande wa kabureta, uufute, uunyonye kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Ukishika ulimi, ni mzima. Usiposhika, hewa inapita: ama mpira una ufa, ama ngozi nyembamba iliyo ndani ya distributa imetoboka.

Mpira mnene ni habari nyingine. Katika magari mengi huo husaidia breki, tena hautoki kwenye kabureta yenyewe, bali kwenye bomba lililo kati yake na injini. Ukichomoka, injini hukohoa ikiwa imesimama, na kikanyagio cha breki huwa kizito sana mguuni. Usiteremke nalo mlima.

Tena, kabla ya kuchomoa mpira wo wote, funga kikaratasi kwenye mpira na uandike A. Andika A vile vile kwenye tundu lake. Mpira wa pili ni B. Fundi asiyejua kusoma hutegemea kumbukumbu, nayo kumbukumbu huchoka jioni.

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na sasa magari mengi yapitayo hapo hayana kabureta tena. Lakini mpira wa breki ungalimo katika mengi yao.

Kazi ya daftari: chora kabureta, distributa na breki, uunganishe mipira miwili, na kila mmoja uupe herufi yake.