Kufa, Kufia, Kufiwa

Wengi wetu tumelelewa kusema kwamba mnyama hufa, binadamu hufariki. Kwa mtu tunayemheshimu tuna maneno tele: amefariki dunia, ameaga dunia, ametutoka, ametangulia mbele ya haki, amelala usingizi wa milele. Nayapenda maneno haya. Yana adabu, na adabu ni sehemu ya kuomboleza. Hata hivyo, mwalimu wa ushauri nasaha akiketi na mtoto wa darasa la kwanza aliyefiwa na mama yake, maneno hayo hayo yanaweza kumpoteza mtoto.

Fariki tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni kutengana. Anayeaga anakwenda mahali. Anayetangulia yuko njiani. Msafiri hurudi, na aliyelala huamka. Mtu mzima anajua kwamba hiyo ni lugha ya staha. Mtoto hulichukua neno kama lilivyo: atamngoja mama arudi, au ataogopa kufumba macho usiku.

Mwaka 1948 Maria Nagy alichapisha uchunguzi wake kuhusu watoto wa Budapest, Hungaria, wa umri wa miaka 3 hadi 10. Aliona kwamba wadogo kabisa, wa chini ya miaka 5 hivi, huchukulia kifo kuwa kuondoka au kulala. Kumbe tasfida zetu humrudisha mtoto kwenye fikra ile ile anayopaswa kuivuka. Mwaka 1984 Mark Speece na Sandor Brent, baada ya kupitia tafiti nyingi za wenzao, walieleza mambo matatu ambayo mtoto hujifunza, mara nyingi kati ya miaka 5 na 7: aliyekufa harudi, mwili wake haufanyi kazi tena, hausikii baridi, njaa wala maumivu, na kila kilicho hai hufa. Mambo hayo nayaita kutorudi, ukomo wa mwili na kumfika kila kiumbe. Mnasihi hawezi kuyafundisha akikwepa kitenzi chenyewe.

Na kitenzi hicho si tusi. Lugha yenyewe inashuhudia: kufa, kufia, kufiwa. Msibani tunasema bila haya kwamba jirani amefiwa, tunawapa pole wafiwa, na kufa kumo ndani ya maneno hayo ya heshima. Uzuri wa neno kufiwa ni kwamba linamtazama aliyebaki. Yatima ni jina la hali, na mtoto akiitwa hivyo mbele ya wenzake huweza kulibeba kama alama. Kufiwa husema jambo lililomfika, na humwacha abaki mwanafunzi kama wengine. Tena halibagui: mtoto hufiwa na bibi, na kaka, na rafiki wa dawati moja.

Nchini Marekani taaluma ya kuwafundisha watu kuhusu kifo ina chama chake tangu mwaka 1976. Kwetu, jina elimu ya kifo huenda likawatisha wazazi. Nachagua elimu kuhusu kifo na kufiwa, kwa sababu linamtaja pia anayesaidiwa.

Mafunzo ya wanasihi wa shule za msingi yaanzie kwenye maneno. Mwalimu ajizoeze kutamka kwa sauti, mbele ya wenzake, “Mama yako amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, na hawezi kurudi,” mpaka ulimi usisite. Ajifunze kuwauliza jamaa mtoto ameambiwa nini nyumbani. Familia ikisema Mungu amemchukua, asiipinge. Imani ni yao na faraja ni yao. Yeye aongeze ukweli wa mwili, kisha amuulize mtoto ameelewa nini, na amsikilize hadi mwisho. Staha tuliyorithi ibaki kwenye tanzia na hotuba za mazishi. Mtoto aliyefiwa anastahili heshima nyingine: kuambiwa ukweli kwa neno analolielewa, na mtu aliyefunzwa kukaa naye baada ya kulisema.