Njora

Njora ni ala ya sime ya Wakikuyu, jamii ya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Kiambu nchini Kenya. Sime yenyewe, rũhiũ rwa njora, ina makali kuwili. Ni nyembamba karibu na mpini na hupanuka kuelekea ncha, ndiyo maana ala nayo huwa pana chini. Ala ni vipande viwili vya mti vilivyochongwa na kufunikwa ngozi mbichi. Ugumu wa kazi uko kwenye ngozi. Huwambwa juani kwa vigingi, ikakwanguliwa nyama na manyoya, kisha hulowekwa hadi ilainike na kushonwa ingali na maji. Ikikauka hunywea na kuubana mti, hata gundi haihitajiki. Ngozi iliyoshonwa ikiwa kavu haishiki hivyo. Rangi ya kawaida ya ala ni nyekundu. Wamaasai, majirani wa Wakikuyu, wana ala ya namna hiyohiyo. Ngozi hutoka kwa mifugo. Ya chatu au mnyamapori mwingine huhitaji kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Siku hizi njora huonekana zaidi katika ngoma na sherehe za kimila.