Uteuzi wa Wapiganaji katika Kambi ya Nachingwea

Nachingwea, pamoja na Ruangwa jirani yake, ni nchi ya Wamwera, watu wa jembe. Mara mbili katika karne ya ishirini nchi hiyo ilipokea wageni wenye azma kubwa. Wa kwanza walikuwa Waingereza wa mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 ukaachwa mwaka 1951. Mpango ule ulipima nguvu kwa macho: matrekta mazito yaliyosalia baada ya Vita Kuu ya Pili yalinunuliwa kwa ajili yake, na mengi yakavunjika huko Kongwa kabla ardhi haijalainika. Wageni wa pili walikuwa wapigania uhuru wa Msumbiji, watu wa FRELIMO, ambao baada ya kukaa Kongwa kwanza walifungua kambi Nachingwea mwaka 1965, mahali palipokuwa pangali pakiitwa Farm 17 kwa hesabu ya mashamba ya karanga. Hao nao walikuwa na nguvu za kuteua, lakini zilikuwa nguvu za watu.

Uzito wa kazi hiyo waonekana katika idadi yao. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliandika kwamba vita vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964 watu waliokuwa wamefundishwa na kupewa silaha walikuwa 250 tu, nao walikwenda kwa vikosi vidogo vya watu kumi hadi kumi na watano. Katika jeshi la maelfu mzembe hufichwa na wingi wa wenzake. Katika kikosi cha watu kumi hana pa kujificha, na kosa lake moja laweza kuwa kaburi la wote.

Nani basi alifaa? Wengi waliofika walikuwa wakulima wa Cabo Delgado waliovuka mto Ruvuma, Wamakonde hasa. Wengine walitoka Niassa. Wachache walikuwa vijana wa shule kutoka kusini. Njia nyepesi ingalikuwa kuwaweka watu wa kabila moja pamoja, maana wanaelewana kwa lugha na kuaminiana kwa undugu. Samora Machel, aliyeshika uongozi wa ulinzi baada ya Filipe Magaia kuuawa mwaka 1966, aliikataa njia hiyo. (Machel mwenyewe alikuwa muuguzi, na mwaka 1963 alifika Dar es Salaam kwa kupewa nafasi katika ndege ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, bahati nayo ina sehemu yake katika uteuzi.) Kambini watu wa majimbo mbalimbali walichanganywa, wakalima pamoja, wakatumia Kireno, lugha ya adui, kwa kuwa ndiyo pekee isiyokuwa ya kabila lolote miongoni mwao. Kila mtu alisimulia mbele ya wenzake mateso ya kwao, na mlima pamba wa kaskazini akatambua kwamba mchimba migodi wa kusini alikuwa ndugu yake katika dhiki. Hoja ilikuwa ya kivita pia: kikosi cha watu wa mahali pamoja hupigana vizuri kwao, lakini hakina sababu ya kufa kwa ajili ya mto wasiopata kuuona.

Elimu ilikuwa kipimo kigumu zaidi. Wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji iliyokuwa Dar es Salaam walijiona ni viongozi wa kesho, na baadhi yao hawakukubali kwamba msomi apelekwe vitani kama mkulima. Ugomvi ulikua hata shule ikafungwa mwaka 1968.

Lakini jambo lililowashangaza wengi lilikuwa la wanawake. Mwezi wa Oktoba 1966 Kamati Kuu iliamua kwamba nao washiriki katika vita, na mwaka 1967 wasichana 25 wa kwanza wakafika Nachingwea kufundishwa. Miongoni mwao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Machel, akafariki tarehe 7 Aprili 1971. Wanaume wengi waliwadhania mzigo. Kumbe mwanamke aliingia kijijini ambako askari mwenye bunduki angalitiliwa shaka, akazungumza na akina mama penye kinu na kisima, akaondoka na habari, chakula na wabebaji wa risasi. Aliyekuwa hakuhesabiwa akakijaza kikosi pale kilipopungukiwa.

Hata hivyo, mtu akiisha kupimwa kwa moyo na fikira zake badala ya misuli, kipimo hicho hakina mzani, na mkono unaokishika ndio unaoamua. Uria Simango alikuwa makamu wa rais wa FRELIMO tangu mwanzo wake mwaka 1962. Mondlane alipouawa kwa bomu mjini Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, Simango alishindana na wenzake katika uongozi, akafukuzwa. Mwaka 1975 aliletwa kambini Nachingwea pamoja na wengine walioitwa wasaliti, akasomeshwa ungamo lake mbele ya umati. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Machel aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kushika njia ya kusini, na tarehe 25 Juni akautangaza uhuru. Simango siku hiyo alikuwa mfungwa.