Boma la Matete: Jinsi Watu wa Mwambao wa Ziwa Mweru Walivyolinda Nyumba Zao

Usiku mmoja wezi waliingia uani kwa mjomba wangu huko Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, wakachukua nyavu mbili zilizokuwa zimeanikwa chini ya upenu. Asubuhi tulikaa kikao cha familia. Binamu yangu alitaka ujengwe ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu yake, kama alivyoona Lusaka. Mjomba alijibu kwamba siku atakayopata pesa za ukuta, atanunua nyavu kwanza. Bibi, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza: "Wajukuu zangu, zamani hapa hapakuwa na ukuta wa matofali. Mnadhani watu walilala vipi?"

Hakuna aliyemjibu. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu. Hoja yangu ni kwamba katika historia ya mwambao huu, uzio wenyewe mara nyingi ulikuwa kitu cha bei rahisi, tena dhaifu. Kilicholinda nyumba ni mpango wa watu waliokaa nyuma ya uzio huo. Mpango ulipovunjika, uzio haukusaidia kitu.

Nianze na neno. Katika Kiswahili, boma ni ua wa miti, miiba au mawe unaozunguka makazi. Katika Kibemba, lugha kubwa ya mkoa wetu wa Luapula, ngome ya namna hiyo huitwa linga. Lakini ukimwambia mtu wa Nchelenge leo kwamba unakwenda boma, ataelewa kwamba unakwenda kwenye ofisi za serikali ya wilaya. Neno lililotaja uzio wa nyumbani limekuwa jina la serikali. Mabadiliko hayo ya maana yanabeba sehemu kubwa ya historia ninayotaka kuieleza.

David Livingstone alifika Ziwa Mweru Novemba 1867, na mwezi huohuo akaingia katika mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula. Aliandika kwamba ua wa mfalme ulikuwa na urefu wa yadi 300 na upana wa yadi 200, na kwamba ulizungukwa na uzio wa matete marefu. Matete hukua bure kando ya maji. Mtu mwenye kisu angeweza kuutoboa uzio ule kwa muda mfupi. Basi mfalme alilindwa na nini? Livingstone huyohuyo anatupa jibu: langoni palipambwa kwa mafuvu ya vichwa vya watu, na mtekeleza adhabu alivaa shingoni chombo kama mkasi cha kukatia masikio. Aliwaona watu waliokatwa masikio na mikono. Matete yalionyesha mpaka tu, na hofu ndiyo iliyoulinda. Ulinzi wa namna hiyo haukuwa na gharama ya fedha, lakini gharama yake ililipwa na miili ya watu.

Nje ya mji wa mfalme hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1867 huohuo, Tippu Tip alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, akamshinda na kuteka pembe nyingi za ndovu. Upande wa magharibi, Msiri alitawala Garenganze kutoka Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891. Katikati ya nguvu hizo mbili, vijiji vilijifunga ndani ya maboma ya miti iliyochimbiwa ardhini, mara nyingine pamoja na handaki. Kwenye kisiwa cha Kilwa, ambacho tusikichanganye na Kilwa ya pwani, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Simba alijiimarisha huku maji ya ziwa yakiwa ndiyo boma lake.

Boma la miti halikununuliwa dukani. Lilijengwa kwa kazi ya pamoja, na kila kaya ilitoa mikono yake. Hata hivyo lilikuwa na gharama zake: watu walibanana, mashamba yalikuwa mbali, na moto ukishika paa moja la nyasi ungeweza kuhamia jingine. Wala halikumwokoa kila mtu. Nsama alikuwa na boma, na bado alishindwa. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yakiongozwa na Alfred Sharpe yaliuteketeza mji wa Kazembe.

Baada ya hapo ndipo neno lilipohama. Ofisa wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini aliishi ndani ya boma lake, akakusanya kodi ya nyumba, akasikiliza kesi. Vita vya kuteka watu vilikwisha, na maboma ya vijiji yakaachwa yaoze. Huo ulikuwa unafuu mkubwa, na hatupaswi kuudharau. Lakini pamoja na miti ile, zamu za pamoja za ulinzi nazo zilikosa sababu. Baadaye vijiji vilijipanga kwa mstari kando ya barabara, na biashara ya samaki wa kulisha miji ya migodi ikaleta fedha na mali inayobebeka. Mvamizi wa karne ya 19 alikuja na bunduki kutoka mbali. Mwizi wa leo huja peku, naye huenda anajua mbwa wako anaitwa nani.

Hapo ndipo somo la historia linapogusa ua wa mjomba. Siku ile ya kikao, majirani walianza kumtaja kijana mmoja aliyetoka ng'ambo ya ziwa. Tangu mwaka 2018 wilaya yetu ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, na wengi wao wanatoka Kongo, wanaongea Kiswahili hikihiki ninachokiandika. Hapakuwa na ushahidi wowote isipokuwa lugha yake. Wapo waliotaka apigwe. Nilikumbuka mafuvu ya langoni. Nilimkumbuka pia Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara ambaye Livingstone alimkuta kwa Kazembe akiwa amezuiliwa kuondoka kwa miaka mingi. Kumshuku mgeni ni ulinzi rahisi kuliko wote, kwa sababu anayeulipia ni mtu mwingine. Bibi ndiye aliyesimama na kusema hakuna atakayeguswa bila kuonekana kwa nyavu. Hazijaonekana mpaka leo, na yule kijana bado anauza samaki sokoni.

Tulichofanya hatimaye kilikuwa kidogo. Tulipunguza urefu wa uzio wetu wa matete, kwa kuwa uzio mrefu humficha mwizi vilevile unavyomficha mwenye nyumba. Nyavu zinalala ndani, na maboya yamechomwa alama ya familia kwa msumari wa moto ili yasiuzwike kwa urahisi. Makopo matupu yamefungwa kwenye kamba nyuma ya jiko. Komeo la mlango limehamishiwa ndani. Zaidi ya yote, kaya nne zimekubaliana: mwanamume akilala ziwani, jirani ajulishwe, na filimbi ikipigwa wote watoke. Mama wa kaya ya nne ni mkimbizi. Binamu yangu alipinga aingizwe, kisha akanyamaza baada ya kuona kwamba nyumba yake ndiyo inayotazamana na ua wetu.

Tulinunua komeo, kamba na filimbi tu. Nilipomsomea bibi rasimu ya insha hii, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimesahau jambo moja: zamani watu waliamkiana kila asubuhi nyumba kwa nyumba, na nyumba ambayo haikuitika ilifuatwa. Nimeliongeza hapa, kwa sababu sikuliona katika kitabu chochote nilichosoma.